Simba wa Nakuru, Mbega wa Buyangu

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Walilosahau kutuambia ni kuwa deni hilo likikaa sana huzaa riba, na riba yenyewe hulipwa na watoto. Mpenzi msomaji wa jarida letu, sitaki kukuchosha kwa dibaji ndefu kama mkia wa mbega. Nataka tu nikusimulie jinsi nilivyopewa kazi ya kupanga safari ya kuwapeleka wadogo zangu wakawaone wanyama wa porini, na jinsi kazi hiyo ilivyonitoa jasho kuliko mtihani wowote wa hisabati niliowahi kuufanya.

Kwetu ni Lubao, papa hapa kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye. Asiyekujua Lubao kwa jambo lingine atakujua kwa soko letu la mbwa. Siku ya soko mbwa huletwa wakiwa wamefungwa kamba, wengine wangali wachanga wamo ndani ya vikapu, na watu husimama wakipatana bei kama wanaopatana bei ya kuku. Ndugu yangu anayenifuata, mvulana wa miaka minane, siku moja alimwuliza baba, "Kama mbwa wanauzwa hapa, simba anauzwa wapi?" Baba alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akasema maneno ambayo laiti angalijua uzito wake asingaliyatamka kwa wepesi ule: "Simba hauzwi. Mwaka ujao nitawapeleka Nakuru mkamwone."

Hiyo ilikuwa Krismasi ya mwaka wa 2021. Baba yangu ni fundi wa mawe. Hufanya kazi ya mjengo kule Eldoret na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kazi ikiwepo. Krismasi ya 2022 ilifika, na bei ya unga ikiwa juu kama mawingu, hakuna aliyethubutu kutaja Nakuru. Ya 2023 ikafika, nayo ikamkuta kukhu wetu amelazwa hospitalini, na zile fedha zikaenda huko. Kila mara baba alisema, "Mwaka ujao." Ndugu yangu naye kila mara alijibu, "Sawa, baba." Lakini mimi ni dada mkubwa. Niliisikia ile "sawa" ikipungua mwaka baada ya mwaka, kama sabuni inayoisha.

Ndipo Novemba ya 2024, nikiwa nimemaliza kidato cha pili, baba akaniita nje jioni moja. Huniita "Mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Akaniambia, "Mama, wewe ndiye unayesoma jiografia. Nipangie hii safari ya Nakuru. Nimeweka shilingi 22,000. Mwaka huu sitaki kusikia kitu kingine."

Loo! Furaha niliyokuwa nayo haikuwa na kifani. Wenzangu darasani ni mashahidi. Kabla ya shule kufungwa nilikuwa nimewaambia karibu nusu ya darasa kwamba tungeingia mbugani kwa gari ambalo paa lake hufunguka, mtu akasimama na kumwangalia simba kichwani. Wengine waliniamini, wengine wakaniambia nipunguze chumvi. Nitarudi kwa jambo hilo baadaye.

Nilichukua daftari la zamani nikaandika juu: MPANGO WA SAFARI. Hapo hapo nikakumbuka jambo moja ambalo mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kulisema. Neno hili "safari" ni letu, lakini lilipovuka bahari likawa na maana nyingine. Mzungu akisema safari anawaona twiga na tembo. Sisi tukisema safari twaweza kumaanisha hata kwenda Webuye kumzika shangazi. Basi mimi nilitaka, kwa mara moja tu maishani, kufanya safari ile ya Kizungu.

Nilienda saiba mjini Kakamega nikasoma. Nilianza na ndoto kubwa, Maasai Mara, ile hifadhi ya kilomita mraba 1,510 ambako nyumbu huvuka kutoka Serengeti kati ya Julai na Oktoba. Nilipoona bei za hoteli zake nilifunga ukurasa ule haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mkwe. Hata hivyo, Disemba nyumbu hawako huko.

Nikageukia Nakuru. Mbuga ya Ziwa Nakuru ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1968. Imezungushiwa ua, na ndani yake mna vifaru weusi na weupe, nyati, twiga, na simba ambao ndugu yangu aliwataka. Heroe wale wa rangi ya waridi wanaoonekana katika picha za vitabu vyetu hawako wengi kama zamani, kwa sababu maji ya ziwa yalipanda sana katika miaka ya 2010 na wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Nilijifunza pia kwamba malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, hayafanywi kwa pesa taslimu langoni, bali kupitia eCitizen. Kwamba mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Na kwamba mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Hayo yote nikayaandika.

Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Taabu ilianza nilipomwonyesha mama daftari langu.

Mama aliniuliza swali moja tu, "Umewapangia watalii ama umewapangia hawa?" Akaelekeza kidole chake uani. Huko pacha wetu walikuwa wakigombania ndoo. Wana miaka mitano, na kama ilivyo desturi yetu Waluhya, wa kwanza huitwa Mukhwana na wa pili Mulongo. Mama akaendelea, "Huyu Mulongo hutapika hata kwa gari la kwenda Kakamega hapa. Nakuru ni mbali aje?"

Niliangalia ramani. Ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na gari likipitia Kisumu linapanda milima ya Kericho yenye kona nyingi. Nikaona nimepanga kama mtu asiyejua watoto. Nikaketi na mama tukaanza upya, naye akanifundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha jiografia.

Kwanza, mtoto wa miaka mitano hahesabu kilomita, huhesabu njaa. Kila saa mbili lazima kuwe na kitu cha kutia mdomoni: nduma, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, maji ya kunywa yaliyochemshwa nyumbani. Pili, choo. Gari la abiria halisimami kila mtoto anapofinya miguu. Tatu, mfuko wa karatasi na kitambaa chenye maji kwa ajili ya Mulongo. Nne, usingizi. Pacha hulala saa saba mchana hata dunia ikigeuka juu chini, na kumwamsha mtoto umwonyeshe kifaru ni kumfanya amchukie kifaru maisha yake yote. Tano, mbugani Nakuru huruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, kwa hiyo watoto watakaa garini siku ya pili mfululizo. Sita, wanyama wenyewe hawana ratiba. Unaweza kuzunguka nusu siku usimwone simba hata mkia.

Kutokana na hayo nikaona haiwezekani kwenda na kurudi siku moja. Ilibidi tulale huko usiku mmoja ili tuingie mbugani asubuhi watoto wakiwa hawajachoka. Nikapiga hesabu. Tulikuwa watu sita, pacha wakikalia kiti kimoja, viti vitano. Nauli shilingi 800 kwa kila kiti, kwenda na kurudi, ni 8,000. Gari la kukodi la kutuzungusha mbugani 6,000. Ada za langoni, kitanda cha usiku mmoja na chakula 7,300. Jumla 21,300.

Nilichora mistari miwili chini ya jumla ile kwa kalamu nyekundu. Baba alikuwa na 22,000. Zingebaki 700. Nikaruka kwa furaha nikasema hesabu imekubali.

Kumbe hesabu haikuwa imekubali. Usiku huo nilipokuwa nikitafuta ukurasa mtupu katika begi langu, nilikutana na karatasi ya shule niliyokuwa nimeikunja mara nne nikaisukuma chini kabisa. Ilikuwa ya karo. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na watu hudhani kwamba sisi wa kutwa hatulipi chochote. Tunalipa. Salio la chakula cha mchana na malipo mengine, pamoja na yale ya muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, lilikuwa shilingi 13,500.

Mpenzi msomaji, hapa nataka niseme ukweli, kwa maana jarida hili litasomwa na walimu wangu na pia na wenzangu, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Karatasi ile niliijua. Nilikuwa nimeileta nyumbani tangu siku ya kufunga shule na sikumwonyesha mtu. Nilijiambia kwamba baba anajua, wazazi hujua tu. Lakini sababu hasa ni kwamba mimi mwenyewe nilitaka kumwona simba. Niliwaficha wazazi nyuma ya watoto. Kila mara niliposema "watoto wamengoja miaka mitatu", nilimaanisha mimi, niliyengoja miaka kumi na mitano.

Sikulala vizuri. Taa ilipozimwa nilimsikia ndugu yangu kwenye mkeka wa pili akiwaeleza pacha jinsi simba anavyounguruma, akiunguruma polepole ili mama asimkemee. Nilifikiria muhula wa kwanza. Nilifikiria jinsi majina husomwa paredi asubuhi, na wanaotajwa huchukua vitabu vyao na kuelekea langoni kwa mwendo wa kinyonga. Nilishawahi kutajwa katika kidato cha kwanza. Njia ya kutoka shuleni hadi nyumbani, ambayo mimi huitembea kwa nusu saa, siku hiyo niliitembea saa nzima.

Kesho yake jioni nilimpelekea baba vitu viwili: daftari na ile karatasi. Alisoma daftari kwanza, akatabasamu. Kisha akasoma karatasi. Tabasamu likaondoka.

"Mama, karo ni kazi yangu," akasema. "Mimi nimekupa kazi ya safari."

"Lakini baba, pesa ni zile zile."

"Nitapata zingine Januari."

"Na mjengo ukikosa?"

Sikupaswa kusema vile. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, nami nilikuwa nimesimama, nikajiona ghafla kuwa mrefu kupita kiasi. Baba hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliinuka, akatoka nje, akasimama karibu na migomba mpaka chakula kikapoa. Mama alinitazama asiseme neno. Mpaka leo sijui kama kulikuwa na njia bora ya kulisema lile nililolisema. Najua tu kwamba mtu mzima akiahidi jambo kwa mapenzi, kumwonyesha hesabu yake ni kama kumvua shati mbele za watu.

Asubuhi nilikuta daftari langu mezani. Chini ya mistari yangu miwili myekundu baba alikuwa ameandika kwa ile penseli bapa ya fundi, herufi kubwa kama za kwenye ubao: BUYANGU. Na pembeni: KARO KWANZA.

Sasa wewe unayesoma haya ukiwa mtu wa Lubao unajua Buyangu ni wapi. Kwa asiyejua, ni upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, unaofikiwa kutoka barabara hii hii yetu, ukielekea Webuye. Unashuka garini na kutembea kama kilomita 2 hadi langoni. Msitu wetu ni mabaki ya ule msitu mkubwa wa mvua uliotandaa kutoka Kongo, na hapa nchini Kenya hakuna mwingine wa aina yake. Sehemu ya Buyangu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1985 na iko chini ya KWS. Upande wa kusini, kule Isecheno karibu na Shinyalu, uko chini ya Shirika la Misitu. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama, kuwaona ndege wa aina zaidi ya 300 na vipepeo wasiohesabika. Sisi tulio jirani zake tunaujua kwa kuni, kwa mukombero, na kwa mvua inayotoka huko alasiri na kutukuta nguo zikiwa kwenye kamba.

Baba ndiye aliyewaambia watoto. Aliwaita wote, akachuchumaa mbele yao, akasema kwamba Nakuru haitawezekana mwaka huu na kwamba kosa ni lake, si la mtu mwingine. Pacha waliuliza kama Buyangu kuna soda. Ndugu yangu hakulia. Alisema tu, "Nilijua," akaenda kuchota maji bila kutumwa. Nakwambia, lile neno moja lilimwumiza baba kuliko karatasi yangu ya karo.

Nikapanga upya, na safari hii nikapanga kama mtu mwenye wadogo. Tuondoke saa moja asubuhi, kwa maana mvua ya Kakamega, hata Disemba ambao ni mwezi wa kiangazi, haina adabu ikifika alasiri. Kila mtoto avae suruali ndefu na soksi, na suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu, kisibebwe mkononi, kwa sababu nyani hawabishi hodi. Tukodi mwelekezi, kwani msituni njia zote hufanana na nyoka wamo. Tutembee mwendo wa Mulongo, si mwendo wa baba. Na saa saba tuwe tumeketi mahali, wanaolala walale.

Siku ya siku ikawadia, Jumamosi kabla ya Krismasi. Utingo wa matatu alitaka nauli mara mbili eti kwa sababu ya sikukuu, mama akabishana naye mpaka abiria wengine wakaingilia. Mulongo hakutapika. Kukhu alikuwa amekataa kubaki, kwa hiyo tulikuwa saba. Alikuja na fimbo yake na leso ya kichwani, akasema msitu ule aliuingia kabla hata haujawekewa lango.

Ndani kulikuwa na baridi na giza la kijani. Miti imesimama kama nguzo, na mingine imezungukwa na mkuyu unaomkumbatia mti mwenzake mpaka unamnyonga. Mwelekezi alituonya tusipige kelele. Mwambie Mukhwana asipige kelele! Dakika kumi za kwanza hatukuona chochote ila majani. Ndugu yangu alikuwa nyuma kabisa akipiga teke vijiti. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hapa ni kama tu kwa kukhu kwenye kuni."

Halafu juu yetu kukasikika mlio wa mabawa, vuu, vuu, vuu, kama gari moshi linalopanda mlima. Ndugu yangu alidondosha kijiti. Walikuwa hondohondo wawili wakivuka, wakubwa, weusi kwa weupe, wenye midomo kama panga. Kabla hatujamaliza kushangaa, mwelekezi akanyoosha kidole. Mbega! Walikuwa kama kumi, wameketi kwenye tawi mikia ikining'inia kama mapazia meupe. Mwelekezi akatueleza kwamba mbega hana kidole gumba, na hata hivyo huruka kutoka mti hadi mti bila kukosea. Akasema pia kwamba mtoto wa mbega huzaliwa akiwa mweupe pe, ndipo baadaye anabadilika rangi. Nasi tukamwona mmoja, kitu cheupe kama pamba kifuani pa mamake. Yule mama akaruka. Sote tulishika pumzi. Akatua ng'ambo, mtoto bado kifuani.

Ndugu yangu alishika mkono wa baba. Hakusema neno, na baba hakumwangalia, lakini niliona wameendelea hivyo hivyo mpaka kwenye daraja.

Jambo la ajabu ni hili. Baba, ambaye hajawahi kulipa kuingia mahali popote kutazama mnyama, alianza kuwa mwelekezi wa pili. Alisimama, akanusa, akasema, "Hapa kuna mukombero." Mwelekezi akafunua majani, na kweli, mti wenyewe ulikuwa hapo umejiviringisha. Akatuonya kwamba hairuhusiwi kuuchimba hifadhini. Baba akacheka akasema alipokuwa mtoto hakujua kuna kisichoruhusiwa. Yeye na ndugu zake waliingia msituni kuchunga na kutafuta mizizi, na baba yao akiwatisha kwa chui. Ndugu yangu akauliza, "Guka aliona chui hapa kweli?" Kukhu akajibu badala ya baba, "Alimwona. Mbuzi wetu pia alimwona, lakini yeye hakurudi kusimulia." Tulicheka mpaka mwelekezi akasahau kutunyamazisha.

Sitaki kusema kila kitu kilienda sawa. Tulipowaona mbega mara ya pili, wakiwa karibu zaidi, Mulongo alikuwa amelala mgongoni mwa mama na tukakataa kumwamsha. Alipoambiwa baadaye alilia hadi tukafika barabarani. Siafu walimpata mama, ambaye peke yake hakuvaa soksi. Na kitu ambacho pacha walikitazama kwa muda mrefu kuliko vyote hakikuwa tumbili wala ndege. Kilikuwa msafara wa siafu wale wale wakivuka njia. Walichuchumaa pale karibu nusu saa. Kama tungekuwa ndani ya gari la kukodi Nakuru, kwa shilingi 6,000, nani angewangojea watoto watazame siafu nusu saa?

Siku nzima, kwa watu saba, haikufikisha shilingi 4,000. Salio la karo lililipwa Januari, na jina langu halikusomwa paredi.

Sasa nirudi kwa wenzangu wa darasa. Shule zilipofunguliwa mliniuliza, "Vipi simba?" Niliwaambia tulienda Buyangu. Mmoja wenu, simtaji, akasema, "Hiyo ni safari ama ni kuokota kuni?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba. Nimekaa na jibu lake miezi yote hii, na leo Chama cha Kiswahili kimenipa ukurasa wa kulitoa. Jibu ni hili: ni safari. Tulikuwa na mpango, tulikuwa na njia, na tuliporudi hatukuwa kama tulivyoondoka.

Lakini sitadanganya kwamba simba amesahaulika. Ndugu yangu bado anamtaka simba, na ana haki. Baba hakuahidi tena kwa mdomo. Amenunua kibubu, akakiweka juu ya kabati, na kila anaporudi kutoka Eldoret hutia kitu akiwa amenyamaza. Nami nimefungua ukurasa mpya katika daftari lile. Kuna Hifadhi ya Impala kule Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, iliyoanzishwa mwaka wa 1992. Humo mna simba na chui ndani ya vizimba, na swala pala wanaotembea wenyewe nje. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na watoto wanaweza kutembea kwa miguu yao. Simba wa kizimbani si sawa na simba wa Nakuru, ninajua. Nilimweleza ndugu yangu hivyo bila kumficha. Alifikiri kidogo, akauliza, "Anaunguruma?" Nikamwambia anaunguruma. Akasema, "Basi andika."

Nimeandika. Juu ya ukurasa nimeanza na karo, chini yake nauli. Wewe unayesoma, kama una wadogo nyumbani na baba mwenye ahadi, mwulize mapema fedha ni ngapi, nawe mwonyeshe mapema karatasi uliyoikunja begini. Usingoje kama nilivyongoja mimi. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibubu chetu, nilipokitikisa jana, kilikuwa kimeanza kuwa kizito.